Yai kwa Mlinganyo: Mwongozo Kamili wa Kuliandika Umbo la Asili kwa Hisabati

Kila muhula natoa zoezi hili la kuandika umbo la yai kwa mlinganyo, na kila muhula karatasi zinarudi na makosa yale yale. Mwanafunzi anapima yai kwa uangalifu, anaingiza namba kwenye kompyuta, anabonyeza kitufe, na mstari unaotoka una nundu kama mgongo wa ngamia. Mwingine anapata duaradufu safi, isiyo na ncha wala kitako. Wote wawili wanafikia uamuzi mmoja: kwamba yai ni kitu cha asili na hisabati haiwezi kulishika.

Inaweza, tena kwa namba tatu tu. Kinachokosekana ni mpangilio wa kazi, na huo ndio ninaouandika hapa, hatua moja baada ya nyingine, kwa vipimo vya yai nililolipima mwenyewe mezani kwangu.

## Vifaa

Kusanya kila kitu kabla ya kuanza. Ukianza kutafuta uzi huku yai limeshakaa mahali pake, utalisogeza.

- Yai moja bichi la kuku, bila ufa. Chagua lenye ncha inayoonekana wazi.
- Simu yenye kamera, na kitu cha kuisimamisha isitikisike.
- Rula ya sentimita 30.
- Karatasi ya grafu na penseli iliyochongwa vizuri.
- Mahali pa kuchapisha picha. Duka lolote la stesheneri linatosha. (Kama huna, nimeeleza njia ya jua katika hatua ya 2.)
- Kalkuleta yenye kipeuo cha pili.
- Mizani ya jikoni ya kidijiti inayoonyesha gramu moja moja.
- Glasi pana, maji, uzi, na kipande cha wavu wa kufungia vitunguu.
- Donge dogo la unga wa ngano uliokandwa.

Kompyuta si lazima. Hesabu zote za msingi za mwongozo huu zinafanyika kwa mkono, na nakushauri mara ya kwanza uzifanye kwa mkono kweli.

## Kwanza elewa kwa nini grafu yako ina nundu

Shika yai likiwa limelala, ncha ikielekea kulia. Fuata ukingo wake wa juu kwa kidole kutoka katikati kwenda kwenye ncha. Unashuka taratibu, kisha kwa kasi, na ukifika mwisho kabisa kidole chako kinasimama wima.

Sasa fikiria fanksheni ya kawaida ya vipeo (polinomia): x, x², x³ na kuendelea. Hata ukiiongezea vipeo vingapi, mteremko wake ni namba yenye kikomo kila mahali. Haiwezi kusimama wima. Ukiilazimisha ipite kwenye ncha za yai, itajaribu kwa kuyumba: itapanda juu ya nukta moja, itazama chini ya nyingine, na nundu zitatokea katikati ya nukta ulizopima. Kuongeza vipeo kutoka 4 hadi 6 au 8 ni kuongeza nundu.

Kipeuo cha pili hakina tatizo hilo. √(1 − x²) husimama wima pale x inapofika −1 na pale inapofika 1, kwa sababu hiyo ni nusu duara. Kwa hiyo tunaanza na nusu duara, halafu tunaizidisha kwa kitu chepesi kinachoipa kitako na ncha:

y = (p + q·x) · √(1 − x²)

Hapa y ni nusu ya upana wa yai mahali fulani, kwa milimita. x ni umbali kutoka katikati ya yai, ukiwa umegawanywa kwa nusu ya urefu wake, ili kitako kiwe −1 na ncha iwe 1. Nusu ya urefu tutaiita a. Namba zetu tatu basi ni a, p na q. F. W. Preston alichapisha milinganyo ya familia hii mwaka 1953 alipokuwa akichunguza mayai ya ndege, na bado sijaona njia rahisi kuliko hiyo kwa mtu anayeanza.

## Hatua ya 1: Laza yai mpaka mhimili wake uwe sawa na meza

Weka yai juu ya karatasi nyeupe. Yai likilala lenyewe mara nyingi huinama kidogo upande mmoja. Inama mpaka macho yako yawe usawa wa meza, ulitazame kwa ubavu. Sukuma donge la unga chini ya ncha au chini ya kitako mpaka umbali kutoka mezani hadi ncha ya kulia ulingane na umbali hadi kitako cha kushoto.

Sababu yake ni hii: yai lililoinama linaonekana fupi kuliko lilivyo ukilitazama kutoka juu, wakati upana haubadiliki. Umbo zima linakuwa nene kwa uongo.

Umefaulu ukiona: rula ikisimamishwa wima karibu na kila ncha, inasoma kimo kile kile, ukikosea usizidi milimita moja.

## Hatua ya 2: Piga picha kutoka mbali

Hapa ndipo wengi wanapoanguka bila kujua, kwa sababu picha inaonekana nzuri.

Kosa la kawaida ni kushika simu sentimita 30 juu ya yai na kulaza rula mezani. Rula iko mezani, lakini ukingo wa yai unaoonekana kwenye picha uko katikati ya kimo cha yai, yaani milimita 21 hivi juu ya meza. Rula iko mbali zaidi na kamera, kwa hiyo inatoka ndogo. Piga hesabu: 21 gawanya kwa 300 ni 0.07. Yai lako limekua kwa asilimia 7 kila upande, na ujazo wake utakua kwa 1.07 × 1.07 × 1.07, yaani asilimia 22 zaidi. Yai la sentimita za ujazo 53 linageuka kuwa la 65.

Rekebisha mambo mawili kwa pamoja:

Inua rula. Iweke juu ya viberiti au vitabu vidogo mpaka uso wake ufike nusu ya kimo cha yai, sambamba na yai, sentimita mbili kutoka pembeni yake.

Sogea mbali. Simamisha simu mita mbili juu ya yai, kisha vuta picha kwa zumu. Mita mbili juu ya meza ni ngumu kupata, kwa hiyo weka yai sakafuni na simu juu ya ngazi au ukingo wa dirisha. Hata ukikosea kimo cha rula kwa milimita chache, kutoka umbali huo kosa halifiki hata nusu ya asilimia moja.

Kamera itazame chini wima kabisa, na yai liwe katikati ya picha. Kwenye pembe za picha lenzi hupinda mistari.

Huna pa kuchapisha? Tumia jua. Miale ya jua inafika ikiwa sambamba, kwa hiyo kivuli kinachoangukia ubao ulioelekezwa kwenye jua kina ukubwa halisi wa yai, na rula ya pembeni haihitajiki. Pigilia msumari mrefu kwenye ubao, usimame wima juu ya ubao kwa pembe mraba. Bandika karatasi, elekeza ubao kwenye jua, uinamishe taratibu mpaka kivuli cha msumari kitoweke chini ya msumari wenyewe. Sasa ubao umelikabili jua sawasawa. Egemeza ubao usitikisike, shikilia yai kwa donge la unga, na weka nukta za penseli kuzunguka ukingo wa kivuli, kama 40 hivi. Fanya haraka. Jua hutembea digrii 15 kwa saa, na ndani ya dakika nne limesogea digrii nzima. Usilitazame jua lenyewe, tazama msumari.

Napenda njia hii kuliko ya simu. Upungufu wake ni kwamba unapima yai kwa ukubwa wake halisi, na rula haikupi usahihi unaozidi nusu milimita.

Umefaulu ukiona: kwenye picha iliyochapishwa, milimita 50 za rula zinalingana popote unapozipima, mwanzo wa rula au mwisho wake. Zikitofautiana, kamera ilikuwa imeinama.

## Hatua ya 3: Pata mhimili

Chapisha picha iwe kubwa mara tatu hivi. Yangu ilitoka hivi: milimita 50 za rula zilipima milimita 150 kwenye karatasi. Kwa hiyo kila kipimo nakigawa kwa 3.

Tafuta mstari mrefu kuliko yote unaoweza kuchorwa ndani ya yai kutoka ukingo hadi ukingo. Egemeza rula kwenye ncha, zungusha upande wa kitako mpaka upate urefu wa juu kabisa, kisha sogeza kidogo upande wa ncha na urudie. Chora mstari huo. Ndio mhimili.

Usiuamini kwa macho. Kunja karatasi juu ya mstari huo, ibandike kwenye kioo cha dirisha mchana, na utazame nusu mbili za yai zikilaliana mwanga ukipita nyuma yake. Zikikaa moja juu ya nyingine kama viganja viwili, mhimili ni sahihi. Ukiona mwezi mwembamba wa kivuli upande mmoja wa ncha, umekosea pembe. Kunjua, rekebisha, rudia. Kwangu ilinichukua mara tatu.

Pima urefu wa mhimili. Wangu: milimita 171 kwenye karatasi, ambazo ni 57.0 za yai. Nusu yake, a = 28.5.

## Hatua ya 4: Gawa mara kumi, pima mara tisa

Gawa mhimili katika sehemu 10 sawa. Kwangu kila sehemu ni milimita 17.1 kwenye karatasi. Kwenye kila alama ya ndani (ziko 9) chora mstari unaokatiza mhimili kwa pembe mraba, kutoka ukingo hadi ukingo.

Pima upana mzima wa kila mstari, kisha ugawe kwa 2. Usipime kutoka mhimili kwenda juu peke yake. Mhimili wako ukiwa umesogea hata nusu milimita, kupima upana mzima kunalifuta kosa hilo, kwa sababu kinachozidi juu kinapungua chini.

Ukigawa mara kumi, x inajipanga yenyewe: −0.8, −0.6, −0.4, −0.2, 0, 0.2, 0.4, 0.6, 0.8. Upande wa kushoto na wa kulia vinalingana, na ulinganifu huo utarahisisha sana hesabu ya hatua ya 6. Hakikisha kitako kiko upande wa hasi.

Ncha zenyewe, x = −1 na x = 1, usizipime. Pale y ni sifuri kwa lazima, na mlinganyo umeshalijua hilo.

## Hatua ya 5: Ondoa nusu duara

Hii ndiyo hatua ambayo sijawahi kuiona kwenye karatasi ya mwanafunzi aliyeshindwa.

Chukua kila nusu upana (y) na uugawe kwa √(1 − x²) ya mahali pake. Jibu tuliite t. Ukitazama mlinganyo wetu utaona kwamba t inabaki kuwa p + q·x, yaani mstari mnyoofu. Tumeondoa kona zote za yai, na kilichobaki ni kitu ambacho rula inaweza kukikagua.

Vipimo vyangu:

| x | y (mm) | √(1 − x²) | t |
|---|---|---|---|
| −0.8 | 13.7 | 0.600 | 22.83 |
| −0.6 | 18.1 | 0.800 | 22.63 |
| −0.4 | 20.3 | 0.917 | 22.15 |
| −0.2 | 21.3 | 0.980 | 21.74 |
| 0 | 21.3 | 1.000 | 21.30 |
| 0.2 | 20.4 | 0.980 | 20.82 |
| 0.4 | 18.5 | 0.917 | 20.19 |
| 0.6 | 15.8 | 0.800 | 19.75 |
| 0.8 | 11.4 | 0.600 | 19.00 |

Chora t dhidi ya x kwenye karatasi ya grafu. Usianze mhimili wa t kwenye sifuri; anza 18, uishie 24, ili tofauti ndogo zionekane.

Sasa soma nukta zako kabla ya kupiga hesabu yoyote:

*Zimelala mlalo.* Yai lako ni duaradufu. Halina ncha wala kitako.

*Zinateremka kwa mstari mnyoofu.* Yai la kawaida la kuku. Mteremko ndio unaobeba ncha.

*Zinateremka huku zimejipinda kidogo.* Yai linahitaji namba moja zaidi. Nitalirudia.

*Nukta moja imeruka peke yake.* Umekosea kupima mstari huo. Rudi ukaupime kabla hujaendelea. Nukta za −0.8 na 0.8 ndizo hukosewa zaidi, kwa kuwa ukingo wa yai pale unashuka kwa kasi: ukisogea milimita moja kwenye mhimili, upana unabadilika kwa milimita mbili hivi.

*Nukta za ncha zote mbili zimeshuka au zimepanda pamoja sana.* Mara nyingi urefu ulikosewa. Rudi hatua ya 3.

## Hatua ya 6: Pata p na q

Kwa kuwa x zako zimelingana pande zote mbili, mstari bora unapatikana kwa hesabu mbili fupi.

p ni wastani wa t zote. Jumla ya t zangu ni 190.41, gawanya kwa 9, unapata 21.16.

q inapatikana hivi: zidisha kila x kwa t yake, jumlisha zote, kisha gawanya kwa jumla ya x². Jumla ya x² kwa mpangilio huu ni 2.4 daima, uwe na yai lolote. Jumla ya x·t kwangu ilikuwa −5.76. Gawanya kwa 2.4, unapata −2.40.

Njia ya mkato ya x·t ni kuoanisha: chukua t ya 0.8 toa t ya −0.8, zidisha kwa 0.8, fanya vivyo hivyo kwa 0.6, 0.4 na 0.2, jumlisha. Hesabu nne badala ya tisa.

Yai langu basi ni hili:

y = (21.16 − 2.40x) · √(1 − x²), urefu nusu 28.5

Onyo kuhusu alama: q ikitoka chanya, umegeuza yai. Kitako kimekaa kulia. Hakuna kilichoharibika, ila usichanganye pande unapolinganisha yai moja na lingine.

## Hatua ya 7: Rudisha mstari kuwa yai

Chukua mlinganyo wako, tafuta y kwa kila x, na ulinganishe na ulichopima. Kwa x = 0.6 mlinganyo wangu unatoa (21.16 − 1.44) × 0.8 = 15.78, na rula ilisema 15.8. Kwa x = −0.8 unatoa 13.85 dhidi ya 13.7. Katika sehemu zote tisa, tofauti kubwa niliyoipata ni milimita 0.15.

Kisha lichore. Zidisha x kwa 28.5 na weka nukta za y juu na chini ya mhimili, ukubwa mara tatu, kwenye karatasi laini unayoweza kuona kupitia. Ilaze juu ya picha uliyochapisha, dirishani tena. Mara ya kwanza mistari hii miwili ilipopotea mmoja ndani ya mwingine mbele ya macho yangu, nilikaa kimya kwa muda.

Umefaulu ukiona: tofauti haizidi milimita 0.3 popote kwenye yai halisi, sawa na milimita moja kwenye picha ya mara tatu. Unene wa mstari wa penseli ni karibu hapo hapo.

### Tofauti zikiwa na mpangilio

Usitazame ukubwa wa tofauti peke yake; tazama alama zake. Zangu zilijipanga: katikati ya yai rula ilisoma zaidi ya mlinganyo kwa milimita 0.14, na kwenye −0.8 na 0.8 ilisoma pungufu kwa kiasi hicho hicho. Makosa ya mkono hutawanyika ovyo, hayajipangi. Yakijipanga, bado kuna umbo ndani yake ambalo hujalichukua.

Ongeza namba moja: t = p + q·x + r·x². Hapa ndipo programu ya majedwali kama Excel au LibreOffice Calc inapostahili kuitwa: chora t dhidi ya x na uombe mstari wa polinomia ya digrii 2. Yangu ilitoa p = 21.30, q = −2.40, r = −0.55, na tofauti zote zikashuka chini ya milimita 0.1, bila mpangilio wowote.

Ona kwamba polinomia inatumika kwa t, wala si kwa y. Hiyo ndiyo tofauti yote kati ya grafu hii na ile yenye nundu. Na usiende zaidi ya x². Vipimo vyako vina kosa la milimita 0.1 hivi, na namba utakazoongeza baada ya r zitakuwa zinaeleza mkono wako, sio yai.

## Hatua ya 8: Muulize yai mwenyewe, kwa maji

Mlinganyo umefaulu kwenye karatasi ile ile uliyoutolea. Huo ni ushahidi mdogo. Unahitaji kipimo ambacho hakikupitia kwenye picha kabisa, nacho ni ujazo.

### Ujazo kwa hesabu

Yai ni la mviringo ukilikata popote, kwa hiyo lifikirie kama visahani vyembamba vilivyopangwa kutoka kitako hadi ncha, kila kimoja kikiwa na nusu kipenyo y. Eneo la kila kimoja ni π·y². Ukivijumlisha vyote kwa kalkulasi, mlinganyo wetu unatoa jibu fupi:

V = π · a · (4/3 · p² + 4/15 · q²)

Kwangu: 3.1416 × 28.5 × (597.0 + 1.5) = milimita za ujazo 53,590 hivi, yaani sm³ 53.6.

### Ujazo kwa mizani

Jaza glasi maji mpaka robo tatu, iweke juu ya mizani, ibonyeze isome sifuri. Weka yai ndani ya kipande cha wavu, lifunge kwa uzi, ulishushe majini mpaka lizame lote. Lisiguse chini wala kando. Shikilia uzi kwa utulivu na usome.

Mizani itaonyesha gramu za maji yaliyosukumwa na yai, na gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo. Yangu ilisoma 53.

Yai likigusa chini namba inaruka. Kwangu ilifika 57, ambao ni uzito wa yai lenyewe. Ukiona namba inaruka ghafla, umeachia uzi mno. Tikisa wavu kidogo ili mapovu yatoke. Na kama yai linaelea, limezeeka, tafuta lingine.

Umefaulu ukiona: tofauti kati ya hesabu na mizani iko chini ya asilimia 3. Yangu ni asilimia moja hivi. Ukipata zaidi ya asilimia 10, usiguse p wala q. Rudi hatua ya 2 ukatazame rula ilikaa kimo gani.

### Usikubali ujazo peke yake

Nilijaribu pia duaradufu tupu yenye nusu upana 21.3 na nusu urefu 28.5. Ujazo wake ni sm³ 54.2, jibu linalokaribia mizani kabisa. Lakini kwenye x = 0.8 inasema 12.8 wakati yai ni 11.4, na kwenye −0.8 inasema tena 12.8 wakati yai ni 13.7. Imenenepesha ncha na kukondesha kitako, na makosa hayo mawili yamefutana ndani ya ujazo. Mwanafunzi aliyepima ujazo tu angefunga daftari akiwa na furaha, na umbo lake si la yai. Ndiyo maana hatua ya 7 na ya 8 huenda pamoja.

## Ukimaliza yai la kuku

Gawanya q kwa p. Kwangu ni −0.113. Namba hii haitegemei ukubwa, kwa hiyo unaweza kulinganisha yai la kwale na la bata bila kujali ni lipi kubwa. Yai la kanga lina ncha iliyochongoka zaidi. Tarajia namba iliyo mbali zaidi na sifuri. Yai la bundi hukaribia tufe: q iko jirani na sifuri, na p inakaribiana na a. Pima mayai matano ya kuku mmoja, na matano ya kuku mwingine, uone kama namba zao zinakaa makundi mawili. Hilo ni zoezi zuri kwa darasa zima.

Desturi ya hatua ya 5, ya kugeuza tao kuwa mstari mnyoofu ili rula ilikague, inakwenda mbali kuliko mayai. Chukua ganda tupu la konokono mkubwa wa shambani, lipige picha kutoka juu ya kilele chake kwa uangalifu ule ule wa hatua ya 2. Kutoka kitovu cha mzunguko pima umbali hadi mshono wa ganda kila robo ya mzunguko, kisha chukua logi ya kila umbali na uichore dhidi ya pembe. Ganda linalokua kwa uwiano ule ule kila mzunguko litakupa mstari mnyoofu, na mteremko wake, pembe ikihesabiwa kwa mizunguko, ndio logi ya uwiano huo. Usitarajie 1.618, ule uwiano wa dhahabu unaotajwa kila mahali. Kila aina ya konokono ina uwiano wake, na wako utausoma kwenye grafu yako. Nukta zikianza kujipinda karibu na katikati, kitovu chako kimekosewa: kisogeze nusu milimita, pima upya mizunguko ya ndani, uchore tena.